Habari ya Sumu Ishikayo Mishipa ya Fahamu

Hapa Msasani, kama katika mitaa mingine ya Dar es Salaam, mtoto akianguka ghafula, akakaza meno na kutukutika mikono na miguu, majirani hawakosi jina la kuupa ugonjwa wake. Wengine husema ni degedege, wengine kifafa, na wako bado wazee wasemao ya kuwa ni ndege apitaye usiku juu ya paa akamtupia mtoto kivuli chake. Twajua ya kuwa degedege mara nyingi huletwa na homa kali, hasa ya malaria, na ya kuwa kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala si wa pepo. Lakini iko sababu ya tatu ambayo watu wengi hawajaisikia, nayo hukaa nyumbani mwetu katika chupa na vifuko. Ni sumu ya jamii iitwayo oganofosfeti. Sumu hii imepita mahali pengi: katika vyumba vya wataalamu, katika viwanda vya vita, na katika maghala ya mahindi. Twapenda kuieleza habari yake kwa taratibu, maana ni vigumu kufahamu kwa nini dawa ya mdudu humwangusha mtu kama mwenye kifafa, kama hatujui kwanza ilikotoka.

Mwanzo wa habari si Ulaya, bali ni Afrika ya Magharibi. Katika nchi ya Waefik, penye mji wa Calabar ambao leo uko Nijeria, watu walikuwa na haragwe waliloliita esere. Mtu akishtakiwa uchawi alipewa maharagwe hayo, yamesagwa na kutiwa majini, akanywa mbele ya watu. Akitapika alihesabiwa kuwa hana hatia. Akifa, kifo chake ndicho kilichokuwa hukumu. Kwetu huku watu walikuwa na mwavi kwa kusudi lile lile. Ila mwavi ni gome la mti mwingine kabisa, na sumu yake hushika moyo, kwa hiyo msomaji asiyachanganye mambo haya mawili.

Wamisionari wa Scotland waliofika Calabar mwaka wa 1846 waliona watu wakifa kwa esere, na maharagwe yake yakapelekwa Edinburgh ili wataalamu wayapime. Mwaka wa 1855 Profesa Robert Christison, mwalimu wa elimu ya dawa, aliazimu kuyajaribu katika mwili wake mwenyewe. Usiku alikula kipande kidogo, asubuhi akala kikubwa zaidi, kiasi cha robo ya haragwe. Mara kizunguzungu kikamshika na viungo vikamlegea. Naye kwa haraka akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu, akatapika, akapona. Wako wamsifuo kwa ujasiri. Sisi twaona palikuwa na upumbavu kidogo pia, lakini maandiko yake yaliwaamsha wengine. Kisha mwaka wa 1864, mjini Liverpool, takataka zilizofagiwa katika meli iliyotoka Afrika ya Magharibi zilitupwa jaani, na ndani yake mlikuwa na maharagwe haya. Watoto maskini wakayaokota, wakala. Zaidi ya 40 waliugua, na mmoja akafa. Jaa lile la Liverpool halina tofauti kubwa na majaa tuyaonayo kila siku, ambapo watoto huokota vichupa vya kuchezea.

Ili mambo yafuatayo yafahamike, yatupasa kueleza jinsi mishipa ya fahamu inavyopelekeana habari. Wataalamu wengi wa zamani walidhani ya kuwa habari hupita katika mishipa kama umeme katika waya, toka mwanzo hata mwisho bila kukatika. Sivyo. Mshipa mmoja haugusani na mwenziwe, wala na nyama ya mwili inayoamriwa nao. Baina yao pana mwanya mdogo sana, usioonekana kwa macho. Habari ikifika ukingoni, mshipa hutoa kemikali kidogo, nayo huvuka ule mwanya ikagonga upande wa pili.

Mwaka wa 1921 Otto Loewi, mwalimu katika chuo kikuu cha Graz, nchi ya Austria, alichukua mioyo ya vyura wawili ingali ikipiga, akaitia katika maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa moyo wa kwanza, ule uupunguzao mwendo, na moyo ukapiga polepole. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akautilia moyo wa pili, ambao mshipa wake haukuguswa. Nao pia ukapunguza mwendo. Basi ndani ya maji mlikuwa na kitu. Kitu kile kikajulikana baadaye kuwa asetilikolini, ambayo Mwingereza Henry Dale alikuwa amekwisha kuichunguza mwaka wa 1914.

Walimu wenzetu watafahamu upesi tukisema hivi. Katika shule nyingi kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Hupigwa, watoto wakaja, kisha hunyamaza. Kunyamaza kwake ni kazi sawa na kulia kwake, maana kengele isiyonyamaza haiwezi kuwaita watoto mara ya pili, wala hakuna ajuaye kama ni wakati wa kuingia au wa kutoka. Mwilini asetilikolini ndiyo kengele, na kinachoinyamazisha ni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Hicho hukaa katika mwanya, na mara asetilikolini ikiisha kugonga, huivunja. Kasi yake ni ya ajabu: kimeng'enya kimoja huvunja maelfu ya chembe katika sekunde moja. Mwaka wa 1926 Loewi na mwenzake walionyesha ya kuwa sumu ya haragwe la Calabar hufanya kazi yake kwa kukizuia kimeng'enya hiki. Kengele hulia, wala hapana wa kuinyamazisha. Baada ya saa kadhaa haragwe hukiachilia kimeng'enya, na mtu asipokufa katika muda huo, hupona.

Sasa twafika katika mwezi wa Desemba 1936, mwezi ambao sisi twaona ni wa ajabu katika historia ya elimu hii. Tarehe 10 mwezi huo, mjini Stockholm, Dale na Loewi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha ya kuwa mishipa ya fahamu huongea kwa kemikali. Tarehe 23 mwezi huo huo, siku 13 tu baadaye, mtaalamu wa Ujerumani jina lake Gerhard Schrader, katika kiwanda cha IG Farben mjini Leverkusen, alitengeneza kitu kipya. Hakuwa akitafuta silaha. Alikuwa ametumwa kutafuta dawa ya kuua wadudu waharibuo mimea, na kitu chake kiliwaua vidukari wote hata kilipochanganywa sehemu moja katika sehemu 200,000 za maji. Mwezi wa Januari 1937 tone moja lilimwagika mezani. Schrader na msaidizi wake wakaona macho yanaingia giza, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na pumzi ni ya shida. Iliwachukua muda wa majuma kadhaa kupata nafuu. Walikuwa wamepatwa na jambo lile lile aliloonja Christison, ila kwa nguvu kubwa mno.

Sheria ya serikali ya Hitler iliamuru kila uvumbuzi ufaao kwa vita uletewe majeshi. Basi dawa ya vidukari ikapelekwa Berlin, ikapewa jina la tabuni. Mwaka wa 1938 ikafuata sarini, ambayo jina lake limeungwa kwa herufi za majina ya watu waliohusika nayo, Schrader akiwa wa kwanza. Na mwaka wa 1944 ikaja somani, kazi ya Richard Kuhn, naye pia mwenye Tuzo ya Nobel. Na Loewi je, aliyewafundisha watu siri ya mwanya? Mwezi wa Machi 1938 Wajerumani walipoitwaa Austria walimfunga kwa kuwa alikuwa Myahudi, na hawakumwacha atoke nchini mpaka alipozihamisha fedha za tuzo yake katika benki waliyoitawala wao.

Kiwanda cha tabuni kilijengwa mahali paitwapo Dyhernfurth, karibu na mji wa Breslau. Wafungwa walilazimishwa kufanya kazi huko, na wafanyakazi kadhaa walikufa kwa sumu. Zikatengenezwa tani 12,000 hivi. Hata hivyo vita vikaisha haijatumiwa uwanjani. Wakubwa wa Ujerumani walidhani ya kuwa adui zao nao wanayo. Kumbe hawakuwa nayo, wala hawakuijua hata walipoziteka risasi zake za mizinga mwezi wa Aprili 1945. Hapa tuondoe neno moja ambalo huwachanganya watu. Jirani zetu Wahabeshi walipigwa kwa gesi na Waitaliano katika miaka ya 1935 na 1936. Ile ilikuwa gesi ya haradali, iunguzayo ngozi na mapafu. Ni ukatili ule ule, lakini si sumu ya jamii hii.

Tueleze basi kinachotokea mwilini, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Haragwe la Calabar hukishika kimeng'enya kwa muda. Oganofosfeti hukishika na kukifunga. Tena kwa baadhi ya sumu hizi kifungo hukomaa, kama kufuli lililoingia kutu, hata funguo ya daktari isiweze kukifungua tena. Kwa somani hukomaa katika dakika chache tu, kwa sarini katika saa kadhaa. Mwili huwa hauna njia tena ila kutengeneza kimeng'enya kipya, na hiyo ni kazi ya siku nyingi.

Kengele isiponyamaza, kila kiungo kinachoamriwa na asetilikolini hufanya kazi kupita kiasi. Macho hutoa machozi na mboni hufinyana. Mate humwagika, jasho hutoka, tumbo husokota, mtu hutapika na kuharisha na kushindwa kuzuia mkojo. Ndani ya mapafu makamasi hujaa hata mgonjwa akakoroma kama azamaye majini. Nyama ya mwili huanza kucheza-cheza chini ya ngozi kama maji yapigwayo na manyunyu. Kisha huchoka kabisa na kulegea. Nyama zivutazo pumzi zikilegea, hicho ndicho kifo cha wengi.

Na ubongo nao? Huko pia asetilikolini ni mjumbe, na sumu hizi hupenya mpaka ndani. Katika ubongo wako wajumbe wa namna nyingi. Yuko glutamati, ambaye kazi yake ni kuchochea. Yuko na gaba, ambaye kazi yake ni kutuliza. Katika afya hawa wawili hupimana kama vitanga vya mizani. Asetilikolini ikizidi huziamsha chembe za ubongo nyingi kwa mara moja, nazo zikaanza kupiga kwa pamoja badala ya kupokezana. Huku kupiga pamoja ndiko kifafa. Mtu hupoteza fahamu, hukakamaa, hutukutika.

Mwaka wa 1997 wataalamu wawili wa Marekani, McDonough na Shih, walipanga habari hii kwa dakika, kwa kuwachunguza wanyama waliopewa sumu hizi. Katika dakika 5 za kwanza mitukutiko huletwa na asetilikolini peke yake, na mtu akipata atropini, dawa iwezayo kuziba masikio ya chembe zisisikie kengele, mitukutiko huweza kutulia. Baadaye glutamati huingia, maana chembe zilizochochewa nazo huchochea nyingine. Moto umekwisha kutoka jikoni na kushika paa. Zikipita dakika 40 hivi, asetilikolini si kitu tena. Mitukutiko hujiendesha yenyewe kwa nguvu ya glutamati, naye gaba mtulizaji hana nafasi, maana milango yake juu ya chembe huvutwa ndani na kufichwa. Ndiyo sababu dawa ya diazepamu, imsaidiayo gaba, hufaa sana mapema na hushindwa ikichelewa. Glutamati ikizidi, madini ya kalsiamu hufurika ndani ya chembe na kuziua. Aliyeokoka baada ya mitukutiko mirefu huweza kubaki na usahaulivu, na hata na kifafa cha kweli baadaye.

Liko jambo moja zaidi ambalo lahitaji kusemwa kwa mkazo. Sumu ikisha kulegeza nyama za mwili, mgonjwa huonekana ametulia. Mikono haitukutiki tena. Watu wa nyumbani hushukuru, wakamfunika shuka alale. Lakini ndani ya kichwa kifafa chaweza kuwa kinaendelea vile vile, bila kuonekana.

Baada ya vita mataifa makubwa yaligawana elimu hii. Waingereza walichunguza sarini mahali paitwapo Porton Down, na tarehe 6 Mei 1953 askari kijana wa miaka 20, Ronald Maddison, alitiwa matone yake mkononi juu ya kitambaa. Akafa siku ile ile. Aliambiwa nini kabla ya kukubali ni neno lililobishaniwa muda mrefu, na mwaka wa 2004 baraza la uchunguzi likatamka ya kuwa aliuawa kinyume cha sheria. Katika miaka hiyo ya 1950 Waingereza walizijaribu sumu hizi pia Afrika, mahali paitwapo Obanakoro, katika nchi ile ile ya Nijeria iliyotoa haragwe la Calabar. Nasi hatukuweza kulisoma jambo hili bila uchungu.

Wakati huo huo dawa za wadudu ziliendelea. Schrader mwenyewe alitoa parathioni. Wamarekani wakatoa malathioni, ambayo ni pole zaidi kwa mtu kwa sababu ini letu huivunja upesi kuliko mwili wa mdudu. Kisha mambo yakajirudia. Mtaalamu wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Ranajit Ghosh, alitengeneza dawa ya wadudu wa mimea, ikauzwa mwaka wa 1954, ikaondolewa sokoni kwa ukali wake. Toka jamii hiyo ikapatikana VX, iliyo kali kuliko sarini. Mara mbili basi, katika nchi mbili, dawa iliyokusudiwa mdudu iligeuzwa silaha.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Saddam Hussein ziliutupia mji wa Wakurdi wa Halabja gesi ya haradali pamoja na sumu za mishipa ya fahamu, na watu wapatao 5,000 wakafa. Tarehe 20 Machi 1995 watu wa madhehebu moja walitoa sarini katika magari-moshi ya chini ya ardhi mjini Tokyo. Mkataba wa kukataza silaha hizi ulianza kazi tarehe 29 Aprili 1997. Tanzania ilitia sahihi mwaka wa 1994 na kuuthibitisha mwaka wa 1998. Hata hivyo tarehe 21 Agosti 2013 sarini iliwaua watu wengi wa Ghouta, karibu na Dameski, na watoto wengi walikuwamo. Akiba ya mwisho iliyotangazwa chini ya mkataba ule iliharibiwa Marekani mwezi wa Julai 2023.

Msomaji aweza kusema, Hayo ni ya wenye vita, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa kuwa tawi la pili la jamii hii lilikuja kwetu zamani, tena lilikuja kwa wema. Malaria ndiyo iliyolileta. Katika miaka ya 1973 hata 1976 Shirika la Afya la Dunia lilijaribu karibu na Kisumu, Kenya, dawa ya fenitrothioni, kwa kuinyunyiza katika kuta za nyumba. Mbu walipungua sana. Lakini wasimamizi walijua wanashika kitu gani, hata damu ya wapigaji dawa ikapimwa mara kwa mara, ionekane kama kimeng'enya chao kimepungua. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Mwaka wa 1976 huko Pakistani watu 7,500 waliajiriwa kunyunyiza malathioni, dawa ile iitwayo pole. Wapatao 2,800 wakapatwa na sumu, na 5 wakafa. Dawa iliyowekwa ghalani ilikuwa imegeuka ndani ya mifuko yake na kuzaa kitu kingine kilichoizuia ini kufanya kazi yake. Kibandiko kilikuwa kile kile.

Katika Dar es Salaam yetu dawa iliyotumika sana dhidi ya mbu wa vyooni na maji machafu, wale walio wengi usiku na waletao matende, ilikuwa kloropirifosi. Ilimwagwa katika vyoo vya shimo miaka ya 1970 na 1980. Mwanzo mbu walikufa; baadaye wakazoea. Waliochunguzwa walionekana kuwa na vimeng'enya vingi mno mwilini, ambavyo huimeza sumu kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu. Mbu huzaa vizazi vingi katika mwaka mmoja, kwa hiyo waliweza kupata kinga hiyo katika muda mfupi, binadamu hawezi. Unguja, katika Makunduchi, mwaka wa 1988 watu wakatumia njia nyingine, wakamwaga punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo ili mbu wasipate pa kutagia, na njia hiyo ikafaa bila sumu yo yote.

Mkulima naye alikuwa na adui yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati alionekana katika mahindi ya Tabora. Watu wakamwita dumuzi, na wengine wakamwita Skania kwa kumfananisha na lori kubwa. Maana aliweza kuyageuza mahindi ya ghala zima kuwa unga kabla ya msimu mwingine. Njaa ilikuwa mlangoni. Dawa iliyoshauriwa ilikuwa unga wa Actellic Super, mchanganyiko wa dawa mbili, na mojawapo ni oganofosfeti. Wakulima wakafundishwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya nayo kwa kipimo. Hatupendi mtu yeyote adhani ya kuwa twalilaumu jambo hili. Unga ule ni dhaifu sana ukilinganishwa na sarini, na umewaokoa watu wengi na njaa. Lakini wote ni wa jamii moja, nao hushika mahali pale pale mwilini. Kadhalika Selecron ipulizwayo katika pamba na nyanya, na baadhi ya dawa za majosho ya ng'ombe.

Hatari haiko katika dawa iliyopimwa, ikapulizwa na mtu aliyejifunika mwili, aliyesimama upande utokako upepo. Hatari iko katika mambo tuyaonayo barabarani. Mchuuzi hupita mitaani Kinondoni na Temeke akinadi dawa ya kunguni, mende na panya, imemiminwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, haina jina wala kipimo. Nyingine si za jamii hii, nyingine ni za jamii hii hasa, wala mnunuzi hana njia ya kujua. Mama huiweka chini ya kitanda. Fundi wa bustani ya mchicha humaliza kupuliza, akaosha bomba katika kisima kile kile anyweshako mboga. Mbegu zilizotiwa dawa, zenye rangi nyekundu ya kupendeza, huachwa sebuleni. Nchi ina chombo cha kusimamia mambo haya, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2020. Lakini mkaguzi hawezi kuingia chini ya kila kitanda. Mwaka wa 2025 mataifa ya mkataba wa Stockholm yalikubaliana kuiondoa kloropirifosi duniani, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyoruhusiwa kwa muda. Lakini azimio haliondoi chupa iliyokwisha kununuliwa.

Basi mtoto aangukapo akitukutika, kabla ya kusema ndege au pepo, mtu amtazame macho. Katika degedege la homa mwili huwaka moto. Katika sumu hii mara nyingi mboni ni ndogo kama ncha ya kalamu, mate na machozi humwagika, kifua hukoroma, na pengine kuna harufu ya dawa katika nguo au kinywani. Avuliwe nguo upesi, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na amwoshaye avae mifuko ya plastiki mikononi, maana sumu hupita katika ngozi. Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Asipewe maziwa, wala asitiwe kidole kooni. Wala asicheleweshwe kwa mganga wa kienyeji hata kwa nusu saa, kwa sababu ile ya dakika 40 tuliyokwisha kuieleza.

Hospitalini daktari ana atropini ya kukausha mapafu na kuziba masikio ya chembe, na diazepamu ya kutuliza ubongo. Yako na madawa yaitwayo oksimu, yawezayo kuung'oa ule mshiko kabla haujakomaa. Moja lilipatikana mwaka wa 1955, kwa kazi ya wataalamu waliokuwa wakizitafutia dawa gesi za vita. Kutoka hapa kwetu Msasani hata hospitali ya Mwananyamala si mbali. Na ile chupa, hata kama ni tupu, hata kama haina kibandiko, ifungwe ndani ya mfuko na kuchukuliwa pamoja na mgonjwa, kwa kuwa dawa za kutibu kila sumu hazifanani, na daktari aionaye chupa na kuijua harufu yake huanza kazi mara moja.